Nyembe za Mizimu: Waasisi wa Uwanja wa Mawe wa Olorgesailie na Maisha Yao

Safari ya kutoka Nairobi kwenda Magadi ni safari ya kuteremka. Barabara ikishapita mabega ya milima ya Ngong hushuka ngazi kwa ngazi katika Bonde la Ufa; hewa huzidi joto, miti mirefu hutoweka na migunga kushika mahali pake. Kiasi cha kilomita 70 kutoka mjini, chini ya mlima wa volkano uliozimika uitwao Olorgesailie, udongo mweupe hujitokeza katika makorongo mithili ya chokaa iliyomwagwa. Udongo huo ni masalio ya ziwa la kale, na umefanyika kwa magamba ya vijimea vya majini visivyoonekana kwa macho matupu. Juu yake na ndani yake yamelala mawe yaliyochongwa kwa mkono wa binadamu, mengi kiasi kwamba mahali pengine hapana pa kukanyaga. Tangu mwaka 1947 sehemu ya mawe hayo imehifadhiwa papo hapo yalipokutwa, na watu huja kuyatazama kama wanavyozuru mahali pa wazee.

Aghalabu husemwa kwamba waasisi wa uwanja huo ni wawili, Louis Leakey na mkewe Mary, nao ndio “waliougundua” katika sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1942. Kauli hiyo si ya uongo, lakini imebeba maneno mawili yanayostahili kupimwa: mwasisi na gundua. Kamusi za zamani za Kiswahili zilifafanua gundua kwa maana ya kumkuta mtu pasi na yeye kutazamia, kumshtukiza, kumfuma. Maana ya kuwa wa kwanza kukijua kitu imekuja kushika nguvu baadaye, hasa katika vitabu vya shule, ambamo mito, maziwa na milima ya Afrika “imegunduliwa” na wageni mbele ya macho ya wenyeji waliokuwa wakichota maji humo. Kwa maana ile ya zamani, akina Leakey waliyagundua mawe ya Olorgesailie barabara kabisa: waliyafuma. Kwa maana ya pili, habari ni ndefu zaidi, nayo haianzii Olorgesailie wala mwaka 1942. Inaanzia Kabete, katika nyumba ya wafasiri.

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903, mtoto wa Harry na Mary Leakey, wamisionari wa Kianglikana wa chama cha CMS. Baba yake alikuwa mtu wa lugha kuliko alivyokuwa mtu wa mimbari. Kazi kubwa ya maisha yake ilikuwa kuongoza kufasiriwa kwa Maandiko katika Kigikuyu. Agano Jipya lilitoka mwaka 1926, na Biblia nzima mwaka 1951. Mtoto alikua katikati ya mabishano ya kila siku juu ya maneno: neno gani litamfaa Mungu, neno gani litafaa roho, na lipi halifai kwa kuwa limekwisha kushikwa na mambo mengine. Wenzake wa kucheza walikuwa watoto wa Kigikuyu. Alitahiriwa pamoja nao, akaingizwa katika rika la Mukanda, akapewa jina lenye maana ya mwana wa kipanga. Mwenyewe alisema baadaye kwamba alifikiri na hata kuota katika Kigikuyu. Kitabu cha kwanza cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1937, alikiita kwa Kiingereza “Mwafrika Mweupe”, jina ambalo halikupendwa na Waafrika wote wala na Wazungu wote.

Alipokuwa kijana alipelekewa kutoka Uingereza kitabu cha watoto kilichosimulia habari za watu wa Zama za Mawe. Akaanza kuokota katika mashamba na kingo za barabara za Kabete vipande vya jiwe jeusi ling’aalo kama kioo, lile la volkano ambalo wataalamu huliita obsidiani. Akavipeleka kwa Arthur Loveridge, mtunzaji wa kwanza wa makumbusho ya viumbe ya Nairobi, naye akamthibitishia kwamba baadhi yake ni zana zilizochongwa na watu wa kale. Watoto wa Kigikuyu aliokuwa akiokota nao hawakuhitaji uthibitisho huo. Walikuwa na jina la mawe hayo tayari, walilolirithi kwa wazee wao: nyembe za mizimu. Ilisemekana kwamba mvua kubwa ndiyo iliyoyashusha.

Hapa msomaji wa Kiswahili hana budi kujihadhari. Neno la Kigikuyu linalosimama mahali pa mizimu katika jina hilo ni ngoma, na mtu wa pwani akilisikia atadhani habari ni ya nyembe za kuchezea au za kuwambia ngozi ya ngoma. Lakini katika Kigikuyu ngoma ni roho za wafu. Kiswahili nacho kina utata wake. Kamusi za kale ziliweka mzimu kuwa si roho tu bali pia mahali pa kutambikia, penye pango, mti mkubwa au jiwe, ambapo watu huacha sadaka. Kwa hiyo mtu akifasiri jina la watoto wa Kabete kwa Kiswahili hupata zaidi ya alichokitafuta: nyembe za wafu, na nyembe za mahali patakatifu.

Wasimulizi wengi wa maisha ya Leakey huitaja habari hii kwa kupita, kama mfano wa imani za zamani ambazo sayansi ilikuja kuziondoa. Hapo wanakosea. Jina lina sehemu mbili, na moja tu ndiyo ya imani. Aliyeliita jiwe lile wembe alikwisha kuona kwamba si jiwe tu. Alikwisha kutambua makali, na kwamba makali hayo yana kazi, na kwamba kitu chenye kazi kina mwenyewe. Lililobaki ni swali la mwenyewe ni nani. Wazee walijibu kwamba ni wafu. Loveridge alijibu kwamba ni watu waliokufa zamani sana. Tofauti ya majibu hayo mawili ni tofauti ya miaka. Katika Ulaya yenyewe wakulima kwa karne nyingi waliyaita mashoka ya mawe kuwa ni mawe ya radi, jina ambalo linasema habari za mbingu lakini halisemi lolote juu ya makali. Jina la Wagikuyu lilikaribia ukweli zaidi, na Leakey aliweza kulisikia kwa sababu alikuwa na lugha ya kulisikilizia.

Mwaka 1922 alikwenda Cambridge, akikusudia kurudi nyumbani akiwa mmisionari kama baba yake. Alisoma Kifaransa na Kigikuyu, na habari ya chuo kile kikongwe kukubali kwamba Kigikuyu ni lugha ya kutahiniwa imesimuliwa mara nyingi kwa kicheko. Afadhali ingesimuliwa kwa uzito, maana si vyuo vingi vilivyokuwa tayari kwa jambo hilo wakati ule. Alipoumia kichwa katika mchezo wa raga na kulazimika kupumzika, alijiunga mwaka 1924 na msafara wa kuchimba mifupa ya dinosaria huko Tendaguru, karibu na Lindi, katika Tanganyika. Alijifunza huko kazi ya kuchimba. Kiongozi wa msafara, William Cutler, alibaki Tendaguru baada ya Leakey kuondoka, akafa kwa maradhi mwaka 1925. Leakey aliporudi Kenya tangu mwaka 1926 kuongoza misafara yake mwenyewe, umisionari ulikuwa umekwisha kuachwa, ingawa desturi ya kuhubiri haikumtoka kamwe. Alifuatana na Heselon Mukiri, Mgikuyu aliyefanya naye kazi kwa miongo mingi na ambaye jicho lake la kuona mifupa katika kifusi lilisifiwa na wote waliomjua.

Mary Douglas Nicol alitoka katika nyumba ya namna nyingine kabisa. Alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913, mtoto wa pekee wa mchoraji Erskine Nicol, ambaye aliipeleka familia yake huku na huko kusini mwa Ulaya akitafuta mandhari ya kuchora. Katika kijiji cha Cabrerets, Ufaransa, msichana huyo alifundishwa na padre wa kijiji, Lemozi, aliyekuwa akichunguza mapango yenye michoro ya kale. Baba alifariki mwaka 1926, na mama akajaribu kumtia binti katika shule za masista wa Kikatoliki. Zilimfukuza mbili, moja kwa sababu alisababisha mlipuko katika somo la kemia. Hakupata cheti chochote cha shule. Alichokuwa nacho ni mkono wa kuchora uliorithiwa kwa baba na macho yasiyochoka, na mambo hayo mawili ndiyo yaliyomkutanisha na Leakey mwaka 1933, alipotafuta mtu wa kumchorea zana za mawe kwa ajili ya kitabu chake kuhusu wahenga wa Adamu, kilichotoka mwaka 1934.

Leakey wakati huo alikuwa na mke, Frida Avern, aliyemwoa mwaka 1928, na watoto wawili. Kuachana kwao kulikuwa kashfa Cambridge, na kulimfungia milango ya kazi huko. Alifunga ndoa na Mary tarehe 24 Desemba 1936. Ni haki kusema kwamba Afrika ya Mashariki ilimpata Leakey moja kwa moja kwa sababu Uingereza haikumtaka tena. Tangu mwaka 1937 alikaa kati ya wazee wa Kigikuyu akiandika mila zao katika kazi kubwa mno, ambayo haikupata mchapishaji hadi mwaka 1977, miaka mitano baada ya kufa kwake. Wakati huo huo Jomo Kenyatta alikwisha kutoa London, mwaka 1938, kitabu chake juu ya watu wale wale. Watu hao wawili walikuwa wakishindana juu ya nani ana haki ya kuwasemea Wagikuyu, na ushindani huo utatokea tena mbele.

Magadi, mahali ambapo historia hii inaelekea, pana jina la Kiswahili. Magadi ni ile chumvi ya kulainishia maharagwe na kuchanganyia tumbaku, na kuwapo kwa neno la pwani katikati ya nchi ya Wamasai ni alama ya biashara ya zamani. Olorgesailie ni jina la Kimasai, na ile ol- ya mwanzo ni kiambishi cha jinsi ya kiume, kama katika ol-doinyo, mlima. Wageni walioandika majina ya Kimasai hawakuwa na masikio ya kutosha: korongo la Tanzania ambalo dunia nzima huliita Olduvai ni Oldupai, yaani mkonge wa mwitu. Jina la Olorgesailie lilinusurika kuharibiwa kiasi hicho, ingawa midomo ya watalii imejitahidi.

Mzungu wa kwanza kuandika kwamba chini ya mlima huo kuna zana za mawe alikuwa mwanajiolojia John Walter Gregory, yule aliyelipa Bonde la Ufa jina lake la Kiingereza. Alipita huko mwaka 1919, akayataja mawe hayo katika kitabu chake cha mwaka 1921, akaendelea na safari zake nyingine, na mwaka 1932 akafa maji katika mto wa Peru. Hakueleza vya kutosha mahali penyewe ni wapi. Pasaka ya mwaka 1942 akina Leakey, walioijua taarifa yake, walikwenda kutafuta. Walikuwa katika vita. Louis alifanya kazi ya upelelezi wa serikali na pia kuangalia makumbusho ya Coryndon, na siku za mapumziko zilikuwa chache. Walijitawanya wakitembea katika makorongo meupe. Wote wawili wamesimulia katika vitabu vyao kwamba waliitana kwa sauti karibu wakati mmoja, kila mmoja akiwa ameona. Louis akatia alama mahali pake, akaenda kwa Mary, na akakiri kwamba aliyoyaona mke yalizidi yake kwa mbali. Mbele ya Mary mashoka ya mkono, makubwa kwa madogo, yalikuwa yametapakaa chini kana kwamba wenyewe wameyaweka jana wakaenda zao.

Shoka la mkono halina mpini. Ni jiwe lililochongwa pande zote mbili likapata umbo la tone la maji, lenye ncha upande mmoja na tumbo upande wa pili, likamkaa mtu kiganjani. Mengi ya Olorgesailie yalichongwa kwa lava ya mlima wenyewe. Tabaka zilizo na masalio hayo zimepimwa kuwa za kati ya miaka milioni 1.2 na miaka 490,000 iliyopita. Leakey alidhani ni changa zaidi. Vipimo vya kuaminika vilikuja baada yake.

Kazi ya kuchimbua ilianza mwaka 1943 na aliyeibeba ni Mary. Louis alifungwa na kazi ya vita mjini na kuja kila alipoweza. Mwaka huo huo binti yao Deborah, aliyezaliwa Januari, alifariki kwa ugonjwa wa kuhara akiwa na miezi mitatu. Mary aliweka kambi chini ya Olorgesailie pamoja na mtoto wake mkubwa Jonathan, ambaye alikuwa bado mdogo sana, na mbwa wake. Katika kitabu chake cha mwaka 1984 hakuandika mengi juu ya huzuni hiyo. Aliandika juu ya mawe, vumbi, joto, na wanyama waliopita karibu na mahema usiku.

Waliotumia sururu na brashi ni akina nani? Serikali ilimpa mateka wa vita wa Kitaliano, miongoni mwa maelfu walioletwa Kenya baada ya jeshi lao kushindwa Ethiopia mwaka 1941. Watu wa namna hiyo hiyo ndio waliojenga mwaka 1942 kanisa dogo la mawe kando ya barabara ya Mai Mahiu, ambalo wasafiri husimama kulitazama hadi leo. Pamoja nao walikuwako wafanyakazi Waafrika, waliokuwa mabwana wa kazi hiyo kuliko Wataliano, maana baadhi yao walikuwa na uzoefu wa misafara ya miaka mingi. Msomaji akifuatilia simulizi zinazorudiwa mara kwa mara juu ya Olorgesailie, atakuta Pasaka, ataona mume na mke wakiitana, pengine atamwona Mtaliano. Lakini mchimbaji Mwafrika huonekana mara chache, na akionekana hana jina. Hilo ndilo pungufu kubwa zaidi katika habari za uasisi wa uwanja huu.

Kuna jambo, hata hivyo, ambalo ni lazima wapewe akina Leakey bila kupunguza, nalo si la kuyaona mawe. Ni la kuyaacha. Desturi ya wachimbaji wa wakati ule ilikuwa kuokota vilivyo vizuri, kuvitia katika masanduku, na kuvipeleka mjini, au ng’ambo, vikalale katika droo na karatasi za namba. Leakey mwenyewe alikuwa amepeleka shehena nzima Cambridge katika ujana wake. Pale Olorgesailie waliamua kwamba lile rundo kubwa la mashoka libaki chini lilipokuwa, lizungushiwe uzio, na juu yake ipitishwe njia ya mbao iliyoinuliwa ili mtu aweze kutembea na kutazama bila kukanyaga. Hivyo makumbusho yakajengwa kulifuata jiwe. Mtu aliyelelewa katika lugha ambayo ngoma zina nyembe zao hangeshindwa kuelewa kwamba kuna vitu ambavyo vikihamishwa mahali pake hupoteza nusu ya maana. Kama hilo ndilo lililomwongoza au la, matokeo ni yale yale: mahali hapo pamefanana na mzimu kwa maana ya kamusi za zamani, mahali pa wafu ambapo vitu vyao haviguswi.

Uwanja ulikuwa tayari Januari 1947, wakati Leakey alipowaita Nairobi wataalamu wa mataifa mbalimbali katika kongamano la kwanza la Afrika nzima juu ya elimu ya kale. Kiti cha urais alipewa Henri Breuil, padre wa Kifaransa aliyekuwa amechunguza michoro ya mapangoni kuliko mtu yeyote wa siku zake. Wageni walipelekwa Olorgesailie wakasimama juu ya njia ya mbao. Inapendeza kufikiri kwamba Mary, aliyefukuzwa na masista, alifunzwa mambo ya kale na padre mmoja, na miaka mingi baadaye akamwonyesha padre mwingine kazi ya mikono yake.

Ardhi ilitoka kwa Wamasai. Katika mwaka huo wa 1947 eka 52, yaani hekta 21 hivi, zilitengwa kuwa hifadhi, na maelezo rasmi hunena kwamba Wamasai walizitoa. Kitenzi toa kinahitaji kuangaliwa kama kile cha gundua. Kwa mapatano ya mwaka 1904 na ya mwaka 1911 Wamasai walikuwa wamekwisha kuondolewa katika malisho yao bora ya Bonde la Ufa na kisha ya Laikipia, wakasukumwa kusini. Walipofungua mashtaka mwaka 1913, mahakama ilisema haina mamlaka ya kuyasikiliza. Reli ya kuchukua magadi ilipitishwa katika nchi waliyobakishiwa. Kwa watu waliokwisha kutolewa mara nyingi hivyo, kutoa eka 52 za udongo mweupe usioota majani mengi lilikuwa jambo dogo, au lilikuwa jambo kubwa mno. Hutegemea mtu anaanza kuhesabu wapi. Lakini pasipo kutoa huko, hakuna uwanja. Ikiwa mwasisi ni mtu ambaye bila yeye jambo lisingekuwapo, basi orodha ya waasisi wa Olorgesailie haiwezi kuanza na kuishia kwa majina ya familia moja.

Maisha ya Louis Leakey baada ya hapo yalipasuliwa na ile ile lugha iliyomfungulia mlango. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, aliandika kitabu juu ya Mau Mau na Wagikuyu, na mwaka 1954 kingine juu ya namna ya kuishinda harakati hiyo. Kenyatta na wenzake watano waliposhtakiwa Kapenguria, mkalimani wa mahakama alikuwa Leakey. Wakili wa utetezi, Denis Nowell Pritt, alimpinga mara kwa mara kwamba tafsiri zake zilikuwa na upande, na hatimaye Leakey alijiondoa kabla ya hukumu ya tarehe 8 Aprili 1953. Mwana wa rika la Mukanda alikuwa akiyageuza maneno ya watu wa nyumbani kwake kuwa ushahidi dhidi yao. Mwaka 1954 binamu yake Gray Leakey aliuawa na wapiganaji wa msituni. Mtu akitaka kumtetea Louis atasema aliwapenda Wagikuyu. Wala si uongo. Alipenda zaidi Wagikuyu wa wazee wake, wa kabla ya 1903, waliokuwa tayari wameanza kuwa kama mawe ya Olorgesailie: mazuri, ya kale, na yasiyojibu.

Mary alikwenda upande mwingine, kwenye ukimya na korongo. Tarehe 17 Julai 1959, huko Oldupai, aliona fuvu ambalo Louis aliliita Zinjanthropus, mtu wa Zinj, akiazima jina ambalo Waarabu waliipa pwani yetu. Kambini kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi, na wachimbaji wake wengi walikuwa Wakamba. Louis alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Mary aliendelea, na nyayo za Laetoli zilizofukuliwa chini ya uongozi wake katika miaka ya 1970 zilimpatia sifa iliyomzidi mumewe mbele ya wataalamu. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996.

Uwanja ulipata mlezi mwingine katika Glynn Isaac, kijana wa Cape Town aliyezaliwa mwaka 1937. Alianza kazi hapo mwaka 1961 akiwa mwangalizi wa mahali pa kale nchini Kenya, akafanya uchunguzi miaka kadhaa pamoja na mkewe Barbara, na mwaka 1977 akatoa kitabu kikubwa juu ya Olorgesailie. Swali lake lilikuwa gumu na halikuwapendeza wote. Akina Leakey waliyaona marundo ya mashoka kuwa sakafu za makazi, mahali ambapo watu waliketi, wakala, wakaacha vitu vyao. Isaac alitupa vipande vya mawe kwa makusudi katika njia za maji za nchi hiyo kavu, akasubiri mvua, akaangalia yanakwenda wapi. Ikaonekana kwamba mafuriko ya msimu yanaweza kukusanya mawe na kuyapanga hata yakaonekana kama kazi ya mtu. Baadhi ya marundo ya Olorgesailie, kwa hiyo, huenda yamekusanywa na maji sawa na yalivyokusanywa na mikono. Wazee waliosema kwamba mvua kubwa ndiyo huleta nyembe hizo hawakuwa na habari za majaribio hayo. Isaac aliugua safarini Asia, akafariki Japani tarehe 5 Oktoba 1985, akiwa na miaka 47.

Tangu mwaka huo wa 1985 kazi imeendelezwa na Richard Potts wa Taasisi ya Smithsonian ya Marekani pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kwa miaka 60 mawe yalikuwa mengi na wachongaji hawakuonekana. Mwaka 2003 vilipatikana vipande vya fuvu dogo la binadamu wa kale, la miaka 900,000 hivi. Mwaka 2010 Kenya iliweka Olorgesailie katika orodha ya mahali inapotaka patambuliwe na Unesco. Na mwaka 2018 watafiti walitangaza habari za tabaka za juu zaidi, za miaka 320,000 hivi. Humo mashoka makubwa ya lava yamekoma, na mahali pake pamechukuliwa na zana ndogo, nyembamba, pamoja na mawe ya rangi nyekundu na nyeusi yaliyosagwa. Nyingi za zana hizo ni za obsidiani, jiwe ambalo halipatikani papo hapo. Lilibebwa kutoka mbali, mara nyingi kilomita 25 hadi 50 na pengine zaidi, na watu walioona kwamba makali yake yalistahili safari hiyo.